Macho ya Mjerumani

Jirani kachoma ubani asubuhi hii, na mie kwa mawazo nimerudi utotoni, uani kwa bibi, Temeke. Nimekaa mkekani karibu na chetezo, macho chini. Macho yangu ni ya kijivu. Yalitoka kwa babu yake bibi, askari wa Kijerumani aliyekuja na bunduki, akafyeka msitu huko bara, akalima mkonge na kuzaa na mwanamke wa kwetu.

Siku hiyo tulisoma hitima ya wazee wetu. Bibi akiwa anamtajia shehe majina ya marehemu, mjomba akadakia.

“Mama, yule Mjerumani asitajwe. Alichapa watu viboko.”

Akitolewa yeye, mie nabaki wa nani?

Bibi hakumtaja. Hitima ilipokwisha akamimina kahawa. Kikombe cha kwanza huwa cha mkubwa kuliko wote. Akakiweka mkononi mwangu.

“Yule nimemwacha,” akamwambia mjomba. “Huyu hajamchapa mtu.”

Kisha akaniinua kidevu.

“Tazama watu, mume wangu. Macho hayo ni yako.”

Kahawa ilikuwa chungu, ya moto. Niliinywa yote huku nikiwatazama, mmoja mmoja.