Majembe Kumi na Tano Kwenye Chumba cha Sweta

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, lakini kulima nimelima maisha yangu yote, na shambani najua jambo moja: kazi ikizidi, unaongeza watu. Jambo hilo ndilo lililoniaibisha hapa Tarime, tena mbele ya mjukuu wangu mwenyewe.

Kikundi chetu cha akina mama kina chumba Nyamisangura, na humo tuna mashine tatu za kufumia sweta. Mimi ndiye mwenyekiti. Kufuma sijui. Kusema najua, na nilifikiri kusema ndiyo kazi ya mwenyekiti. Mwalimu mkuu wa sekondari moja ya bweni alipokuja kutaka sweta tisini za kidato cha kwanza, ndani ya wiki tano, nilimjibu hata hajakaa vizuri kwenye kiti: "Tutaweza."

Mama yule ametoka Iringa, baridi anaijua. Akaniangalia. "Mama, watoto wengine wanatoka mikoa ya joto, hawana hata shuka zito. Nisije nikawapokea mikono mitupu." Nikamwambia aende akalale usingizi.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa nyumbani, amemaliza chuo, amesomea mambo ya miradi. Namjivunia, hata wasioniuliza nawaambia. Akabandika kadi kubwa ukutani, akachora mistari. Wafumaji wetu wa kweli ni wawili. Mashine ya tatu inangoja mtu ajifunze. Kila mfumaji anatoa sweta mbili kwa siku, wiki tunafanya kazi siku sita.

"Wiki tano ni sweta mia na ishirini, bibi. Tisini zinaingia, na nafasi inabaki. Mtu anaweza kuugua, msiba unaweza kutokea."

Nafasi! Mimi nikiona nafasi naona shamba lisilolimwa. Wiki ileile mwalimu wa chekechea akanipigia simu kutoka Nyamongo, anataka sweta hamsini ndogo. Tutaweza, nikamwambia.

Mjukuu alipoziandika zile hamsini, mistari ikatoka nje ya kadi, akaendelea kuandika ukutani, juu ya rangi ya mwenye nyumba.

"Bibi, umewauliza wafumaji?"

"Niwaulize nini? Watu ninao."

"Unao wawili."

"Utaona."

Nikaita risaga. Kwetu Wakurya risaga ni hivi: unaita majirani, unawapikia, wanakuja na majembe yao, na shamba la wiki nzima linaisha kabla jua halijawa kali. Wakaja wanawake kumi na tano. Wengine walibeba majembe kweli, kwa mazoea. Nilikuwa nimekoroga togwa ndoo mbili. Wafumaji wawili wakakaa kwenye mashine, na wale kumi na tano wakakaa kuwaangalia.

"Mwenyekiti, tuanzie kupalilia wapi?" mmoja akauliza, na chumba kizima kikacheka.

Mwingine akasema yeye hanywi togwa ya bure. Akaivamia ile mashine ya tatu, akaivuta kama anang'oa kisiki. Sindano saba zikapinda. Waliobaki wakanyoosha nyuzi ili kusaidia, zikafungamana kama utumbo wa mbuzi, na wafumaji wakaacha kufuma wakafungua mafundo. Siku nzima tukatoa sweta moja, tena haina mkono.

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini risaga hurudishwa. Aliyekuja kwako siku moja, nawe utakwenda kwake siku moja. Asubuhi iliyofuata wa kwanza akasimama mlangoni: palizi imeanza, anataka watu. Zilikuwa siku kumi na tano, na kila mmoja aliitaka yake sasa hivi, maana magugu hayakuwa na habari ya kidato cha kwanza.

Wafumaji wangu wakainuka kwenda kutafuta majembe. Mjukuu akaegemea mlango.

"Mama zangu, kaeni. Humu ndani nani hajui kufuma?"

Wakaangalia sakafu, kwa heshima.

"Shikamoo bibi," akasema, na asubuhi tulikuwa tumeshaamkiana. Nikajua linakuja baya. "Hizo siku utazirudisha wewe. Ila kwanza piga simu Nyamongo, useme ukweli."

Nikapiga. Mimi kurudisha neno langu sijazoea. Yule mwalimu akacheka. "Mama, hata mwezi ujao ni sawa tu. Sikuwa na haraka. Hukuniuliza."

Sikumuuliza! Niliishika ile simu nikatamani kuitupa chooni.

Nikalima. Kiuno changu kinajua nilivyolima. Shamba la mwisho lilikuwa la yule aliyepinda sindano, juu ya barabara iendayo shuleni. Sweta tisini zilikuwa zimepelekwa jana yake, na sasa watoto walipita chini wamezivaa, nyingine mikono imewafunika mpaka vidole. Nikasimama kuwahesabu.

"Mwenyekiti, mstari wako umepinda!" mwenye shamba akanipigia kelele. "Halafu kwaya yetu nayo inataka sweta, thelathini tu, za Pasaka. Mtaweza?"

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Nikafuta jasho kwa khanga, nikashika jembe.

"Nenda Nyamisangura," nikamwambia, "ukawaulize wale wawili."