Herufi za Baba Zilivyonywea

Mwaka niliopangiwa kufundisha Mikumi, baba alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Msowero. Ualimu hakuusomea. Alikuwa mkulima aliyeishia darasa la nne enzi za mkoloni, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri, kijiji kikaona ndiye afaaye kushika chaki. Kila mwezi aliniandikia barua. Herufi zake zilikuwa kubwa na za mviringo, habari za ukurasa mmoja zikijaza kurasa mbili.

Kisha barua zikaanza kufupika. Zikawa ukurasa mmoja, baadaye nusu, na habari ni zile zile. Mstari ulianza vizuri, ukifika katikati herufi zimepungua, na mwishoni maneno yamekuwa safu ya sisimizi. Nilidhani anabana karatasi, maana duka la kijiji lilikuwa likikaa wiki nyingi bila daftari.

Likizo ya Juni nilipanda treni hadi Kilosa, nikapata lori la kunifikisha nyumbani. Baba alikuwa darasani, ndani ya ghala la kijiji. Bibi mmoja, mwanafunzi mzee kuliko wote, alikuwa amesogeza benchi lake hadi magoti yanakaribia kugusa ubao.

“Mwalimu,” alisema, “wiki ijayo utaniandikia kiganjani?”

Darasa zima lilicheka isipokuwa baba, na hapo nikashtuka, kwa sababu baba alikuwa mtu wa mizaha. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyenuna. Lakini alipojibu, alijibu kwa upole, kwa sauti ya chini mno: “Chaki ni chache, bibi.”

Nyumbani nilimuuliza mama baba amekasirishwa na nini.

“Hata mimi namuuliza kila siku,” alisema. “Ananiambia hana neno.”

Mama naye alikuwa na malalamiko yake. Alimwachia baba maharage jikoni, yakaungua mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni, na baba yuko pale pale kando ya chungu anasoma gazeti. Mama aliamini kabisa kwamba ni makusudi, ili asiachiwe jiko tena.

Siku ya Saba Saba mgambo wa kijiji waliandamana uwanjani, na baba akiwemo. Mkono wake wa kushoto ulikwenda mbele na nyuma kama wa wenzake. Wa kulia ulining'inia tu.

“Mzee wa safu ya pili,” mkufunzi aliita, “mkono mwingine umeuacha nyumbani?”

Baba aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, akaanza kuutupa. Hatua kumi baadaye ukalala tena. Watu walicheka, nami nikacheka. Nikiwa bado nacheka nikaanza kuunganisha: mwandiko, uso, sauti, pua iliyokosa kunusa maharage yakiungua, na sasa mkono. Kila kimoja tulikuwa tumekipatia sababu yake. Vyote pamoja sikuvipatia.

“Baba, twende Kilosa ukapimwe,” nilimwambia kesho yake.

“Nipimwe nini, mwanangu? Siumwi popote.”

Nilikuwa nimekuja na barua zake. Nikazipanga mkekani kwa kufuatana, za mwaka uliopita kwanza. Alizitazama kwa muda mrefu, akagusa ya mwisho.

“Hii ameandika nani?”

“Ni wewe, baba. Mwezi uliopita.”

Akaenda kutafuta viatu.

Daktari wa Kilosa alikuwa kijana. Alimwamkia baba shikamoo, akasoma barua zote nilizobeba kabla hajamgusa. Akamwambia atembee ukumbini, akunje na kukunjua vidole, kisha akae na kupumzisha mikono mapajani. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: kidole gumba cha kulia kilikuwa kikitikisika kidogo kidogo, kama anayeviringisha tumbaku.

“Mzee, ubongo wako unatuma amri,” daktari alisema, “lakini zinafika mkononi zimechoka. Nadhani ni ugonjwa uitwao Parkinson. Nitakuandikia barua uende hospitali kubwa wahakikishe.”

“Kwa hiyo mimi si mvivu,” baba alisema.

“Si mvivu, mzee.”

“Basi mkufunzi wa mgambo ana deni la kuniomba radhi.”

Nilipomsimulia daktari habari za maharage, alikiri kwamba mambo ya pua hakufundishwa. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba pua kupoteza harufu huweza kutangulia dalili nyingine zote. Nilipomweleza mama, alisema alimnunia mtu wa watu bure.

Hospitali kubwa walikubaliana na yule kijana, wakampa baba vidonge. Ugonjwa haukuondoka, ila ulitembea polepole, naye hakuacha kufundisha. Alikaa kitini akitaja maneno, na yule bibi akasimama kuyaandika ubaoni kwa herufi za kuonekana mpaka mlangoni. Aliandika vibaya mara nyingi, darasa likamsahihisha, na wakajua kusoma upesi kuliko mwanzo.

Asubuhi baba alitembea na mama hadi mtoni na kurudi, kwa kuwa daktari alimkataza kukaa tu. Mama alilalamika kwamba anamchelewesha, yeye akalalamika kwamba anakimbizwa, na majirani walijua ni saa ngapi kwa kuwasikia wakipita.