Mwisho Nilioutunga Mkutanoni

Juzi mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu sinema niliyoisumbukia miaka mingi, ile ya kijana anayetoroka kwao kwenda kupiga gitaa la umeme. Tuliitazama hadi mwisho, yeye akipiga miayo. "Bibi, hii imechuja. Nywele tu na kelele. Halafu mtu mwenyewe hata kwao harudi." Sikumjibu vizuri, nakiri. Nilimwambia anipishe nikasonge ugali. Mwenzangu, kuna kitu mtu akikisema vibaya unaona amemtukana marehemu wako.

Sinema hiyo ilikuja kijijini kwetu, upande wa Nyambureti, miaka ile ya ujamaa, tulipokuwa tumehamishiwa kwenye nyumba zilizopangwa mistari na shamba la pamba la kijiji likituvunja migongo. Gari la sinema kwa kawaida lilileta mambo ya mbolea na kuchimba vyoo. Mwalimu wetu wa kuimba, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa, alimbembeleza dereva atuwekee na ile ya magitaa. Ilionyeshwa mchana ndani ya ghala la pamba, milango imefungwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, tukinuka jasho na samli tuliyojipaka. Mwalimu alitafsiri. Kijana akamwambia baba yake, "Mimi si mtoto tena." Baba akalivunja gitaa, kijana akaondoka. Alipokuwa jukwaani, vidole vikimtoka damu, petroli ya jenereta ikaisha. Mwisho hatukuuona.

Wiki haikuisha, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Miezi michache nyuma kaka yangu mkubwa alikuwa amegombana na baba, akavuka mpaka pale Sirari na gitaa la kuazima, na hatukuwa na habari zake. Sasa vijana wengine wawili walikuwa wameacha palizi, wanafunga nyaya za breki za baiskeli kwenye madebe wapate magitaa. Mwenyekiti alisema hiyo ni kasumba, na mwalimu aliyeileta ataandikiwa barua aondoke. Barua ya namna hiyo ingemfuata kila shule. Asingeshika chaki tena.

Mzee mmoja akasimama na fimbo yake. "Mimi nauliza. Huyo mura anamwambia tata yake kwamba yeye si mtoto. Ametahiriwa lini? Rika lake ni gani?"

Watu wakaguna kukubali. Leo unaweza kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka, maana kwetu kijana asiyepita kwenye kisu hakuwa na mdomo mbele ya baba yake. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba wenzetu huko wana taratibu zao, akaharibu kabisa. Wanaume wakaanza kupiga kelele.

Nilikuwa darasa la sita, na bibi alizoea kusema ulimi wangu utanichelewesha kuolewa. Nikanyoosha mkono. Baba akanikata jicho kutoka upande wa wanaume, lakini nikajisemea liwalo na liwe.

"Shikamooni wazee. Alitahiriwa pale pale jukwaani. Vidole vilitoka damu, watu wote wanamwangalia, na hakulia. Hata uso hakukunja."

Mzee wa fimbo akaketi polepole. "Hilo kweli," akasema. "Hakulia. Niliona."

Mwenyekiti hakuachia. "Na mwisho wake? Alirudi kwa baba yake, au alipotea kama wengine?"

Aliposema wengine, macho yote yalimwendea baba. Mwalimu akainamisha kichwa. Yeye alikuwa ameiona sinema yote mjini, na alikuwa mtu wa kutuchapa kwa uongo mdogo tu. Nikamtangulia. Nikasema alitusimulia darasani: kijana alirudi, akamwamkia baba yake, baba akamchinjia mbuzi, gitaa likapigwa uani na wazee wakacheza.

"Ni kweli, mwalimu?"

Mwalimu alinitazama mimi kwanza. "Ndivyo," akajibu.

Barua haikuandikwa, na mwalimu alitufundisha hadi nikamaliza shule. Ghala lile sasa halina paa, na zile nyumba za mistari watu walizihama zamani wakarudi kwenye maboma yao. Sijaona tena kijiji kizima kikigombana mchana kutwa juu ya mtu wa kwenye kitambaa cha sinema. Nautamani ule mkutano, hata na hofu yake.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ile nilimpelekea baba maji ya kunawa, nikingoja kipigo. Alinawa mkono mmoja, akaacha.

"Yule mura alirudi baada ya muda gani?"

Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mwisho ule niliutunga. "Miaka mitatu, tata," nikasema.

Mwaka wa tatu tangu kaka aondoke ulipofika, baba alitenga dume la mbuzi, jeupe, akakataza lisiuzwe wala lisiguswe. Lilizeekea zizini, na kila asubuhi mimi ndiye niliyetumwa kulikatia majani.