Majogoo wa Fungate

Binti yangu alipoposwa, nilianza kufuga majogoo. Kwetu Ngamiani, siku saba za fungate chakula cha maharusi hutoka kwa mama wa bibi harusi, na kila siku kwenye sinia awepo jogoo mzima. Ukipeleka sita, ya saba ukapeleka samaki, habari zako utazisikia bombani mpaka uzeeke.

Nilikuwa nao tisa. Darasa la jioni lilikwisha nifunza tarakimu, basi nikaokota kipande cha mkaa nikaandika 9 kwenye mlango wa banda, kule uani nyuma ya jiko. Kila nikipita naitazama.

Siku kumi na mbili kabla ya harusi, nimetoka kusali alfajiri, nikakuta wanane na manyoya chini. Kicheche. Harufu yake haifichiki. Nikaifuta ile 9 kwa kanga, nikaandika 8.

Mume wangu akagongomea mbao mlangoni, akakandika udongo upya ubavuni, juu tukaweka miba. Nyuma hatukugusa, kwa kuwa pale tulikuwa tumeegesha lundo la makuti mapya ya kuezekea nyumba kabla ya harusi. Usiku nikasoma Ayatul Kursiyu, nikalipulizia banda. Asubuhi nikaandika 7.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "jana dua uliisoma kwa sauti?"

"Nilisoma."

"Basi na kicheche kaihifadhi."

Nikamwambia aache mzaha na maneno ya Mungu, ila kicheko kilinitoka. Baadaye sikucheka tena. Saba ndio hao hao. Akichukua mwingine, sina wa kumweka kwenye sinia la mwisho.

Jioni ile niliwafunga miguu kwa kamba ya katani, nikawaingiza chumbani kwa mwali, maana ndicho chumba pekee chenye mlango wa komeo. Mwanangu alikuwa ametiwa ndani, hatoki, anasingwa kwa liwa asubuhi na jioni. Nikawapanga chini ya kitanda chake.

Somo yake, yule mama aliyekuwa akimfunda, alipokuja alisimama mlangoni.

"Dada, mimi namfukiza udi, wewe unamfukiza kuku?"

"Siku kumi tu, somo."

"Haya. Bwana harusi akiuliza harufu gani hii, nitamwelekeza kwako."

Mwanangu hakulalamika. Aliwapa punje za mchele kwa mkono, na mmoja, mwekundu mwenye kishungi, akazoea kulala kwenye ncha ya mkeka wake.

Siku ya nne wakaja shangazi zake bwana harusi kumwona mwali wao. Wamekaa, kahawa imemiminwa, somo anawaeleza jinsi mtoto alivyotulia. Chini ya kitanda yule mwekundu akawika. Shangazi mkubwa akaweka kikombe chini. Mimi natafuta pa kuingia.

"Huyo ni wa fungate," somo akasema bila kupepesa. "Kaja kujitambulisha kwa wakwe mapema."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa buibui.

Zikabaki siku mbili, mafundi wakaja kuezeka. Walipoinua makuti ya chini kabisa, kicheche akachomoka, akapita katikati ya miguu ya mume wangu, akaruka ua, akatuachia uvundo uliotufukuza uani mpaka adhuhuri. Chini ya lundo palikuwa na manyoya ya majogoo wangu, na tundu kubwa kwenye ukuta wa nyuma wa banda.

"Tumemjengea nyumba," mume wangu akasema, pua kaibana, "na mlango wa jikoni juu yake."

Harusi ikapita, alhamdulillahi. Kila siku ya fungate nikachinja, nikapika kwa nazi, nikapeleka. Siku ya sita sinia likarudi na ujumbe wa mwanangu: Mama, yule mwekundu usimchinje, sitaweza kumla.

Kisu nikakirudisha jikoni. Kisha nikaenda kwa somo kumwomba jogoo. Akanipa wa kwake, akisema huyu walau hajalala na bibi harusi.

Mwekundu yupo bado. Banda tumeliziba tundu, lakini hataki kulala humo. Magharibi ikiingia anatangulia chumbani, na alfajiri ananiamsha kabla ya muadhini.