Chuo cha Upande wa Petta

Mdogo wangu alitafuta vyuo jinsi wengine wanavyochagua mbegu sokoni: hakujali jina, aliuliza kilichomo ndani. Mwaka aliomaliza kidato cha nne hapa Busia, upande wa Kenya, alama zake zilifika mlangoni mwa chuo kikuu zikakwama hapo hapo. Awamu ya kwanza ya uteuzi ilipita bila jina lake. Hakulia. Alichukua daftari akaanza kuuliza walimu, madereva wa malori, hata akina mama wanaovuka mpaka na trei za mayai, watoto wao wanasoma wapi. Ndivyo alivyokipata chuo kimoja cha mifugo upande wa Petta, huko Tororo, Uganda. Wanafunzi wachache, ng'ombe wengi, na mkuu wa chuo asiyebagua alama.

"Dada, huko mtu anashika ng'ombe wiki ya kwanza," aliniambia. "Na matokeo ya Kenya wanakusaidia kuyalinganisha na ya kwao."

Nilicheka, na nilicheka kwa dharau. Mimi niliacha shule kidato cha pili mama alipofariki, nikaingia kwenye mitumba ili huyu asome. Sokoni nilikuwa nimeshatangaza kwamba kwetu anatoka mwanafunzi wa chuo kikuu, tena Nairobi. Sasa niwaambie wenzangu amevuka mpaka kwenda kujifunza kuchanja kuku? Nilimwambia asubiri awamu ya pili. Alisubiri, lakini fomu ya Petta aliituma vilevile. Kwa kuwa hakuwa na laini ya Uganda, aliandika namba yangu. Sisi wachuuzi wa mpakani hutembea na laini mbili, ya huku na ya kule.

Simu ilikuja siku ya soko, nikiwa nimetandaza nguo Tororo. Mwanamke mwenye sauti ya upole alisema anapiga kutoka chuoni.

"Mama, mtoto yenu tumemchukua. Mlete yeye Jumatatu, akuje na godoro."

Nilikuwa na suruali mkononi, mteja ananingoja. Nikamjibu kwamba mtoto ameshapata chuo kikuu, nafasi yake wampe mwingine. Maneno yalitoka bila kigugumizi, kana kwamba nilikuwa nimeyaandaa. Mama wa watu akanipongeza na kukata simu. Nilijiambia namwokoa mdogo wangu asijiuze kwa bei ya chini, kisha nikaendelea kumpimia mteja suruali.

Awamu ya pili nayo ikapita kama ya kwanza. Mdogo wangu akabaki na Petta tu. Kila jioni aliniuliza kama laini ya Uganda imeita, nami nikamwambia haijaita. Kuwapigia mwenyewe aliona haya, asije akaonekana anabembeleza. Ikafika siku hakuuliza tena. Mwaka uliofuata nilimletea fomu nyingine akazikataa zote. Alisema kama chuo kisichobagua alama kimemkataa, basi kasoro ni yeye mwenyewe. Nilikuwa na dawa ya maneno yale mdomoni mwangu, na sikuitoa. Niliona aibu, na aibu ile nimeishi nayo miaka minane.

Baadaye aliolewa Lumino, ng'ambo ya Uganda. Huko ng'ombe akishindwa kuzaa, majirani humwita yeye kwanza. Huenda na kamba na kipande cha sabuni, na mara nyingi ndama hutoka mzima. Watu hunisimulia hayo sokoni wakidhani wananifurahisha. Mimi roho inaniuma mpaka nashindwa kuhesabu chenji.

Mwaka huu zamu imefika kwa binti yangu, na alama zake ni hafifu kuliko za mama yake mdogo. Sikumwita mdogo wangu. Alivuka mwenyewe kutoka Lumino na karatasi aliyoiandika pande zote mbili, vyuo vidogo vizuri ambavyo watu hawavijui, kimoja hata huko Mella, Uganda. Vyote alikuwa amevipigia simu. Akakaa mkekani na binti yangu, akamweleza kimoja kimoja, taratibu, bila kuchoka. Mimi aliniomba tu nisidharau chuo kwa sababu hakina jina. Hakuwa ananipiga kijembe. Alikuwa ananishauri kama dada yake, na hilo ndilo lililoniumiza.

Binti yangu akaona mstari mmoja umekatwa kwa kalamu. Akauliza kwa nini.

"Hicho cha Petta kinashinda hivi vingine vyote," mdogo wangu alimwambia. "Lakini mimi walinikataa. Sitaki wakuumize na wewe vile."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikamuuliza kama nimwekee sukari.

Akasema ndiyo, kidogo tu, akanishukuru.