Andika Jirani

Nyamburi wa Butiama alikuwa baba wa mtoto mmoja, na hakuona ajabu yoyote. Mumewe alikufa bila kumwachia mtoto. Shemeji zake wakagawana ng'ombe, wakamwachia yeye kofia ya marehemu. Basi akalima pamba, akauza Bunda, akanunua ng'ombe wake mwenyewe, akamtolea mahari binti aitwaye Ursula, kama wanawake wa kwao wasiojaliwa watoto wanavyofanya. Ursula akamzaa Jenoveva na mwanamume wa pembeni, na kwa mila mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Padri alimkatalia Nyamburi komunyo. Akaendelea kukaa benchi la mbele.

Enzi za ruksa, mwaka mitumba ilipojaa soko la Bunda, wezi wa ng'ombe walivamia, wakamuua Ursula mlangoni. Jenoveva, aliyekuwa na miaka saba, aliona yote. Tangu hapo hakupita mlango wowote mpaka Nyamburi atangulie.

Wanawake wa jumuiya wakaanza kukutana uani kwa Nyamburi kila Alhamisi, pamoja na watoto walioona mambo kama hayo. Walipukuchua mahindi. Aliyetaka kulia alilia, aliyetaka kucheka hakukatazwa. Kisha wote walikula, na kukipata chakula hicho ndiko kulikokuwa kunawashinda.

Ndipo serikali ikatangaza mfuko wa kuwasaidia wanaowatunza watoto walioshituka. Afisa ustawi, Bwana Renatus, akaja na pikipiki kutoka Musoma.

“Shikamoo mama. Huyu mtoto ana baba?”

“Marahaba. Anaye. Ni mimi.”

Renatus akalitazama gauni lake. “Mama, usinitanie, jua kali.”

“Mama yake nilimtolea ng'ombe. Wewe wa kwako ulimtolea?”

Dorotea, jirani yao, akacheka mpaka akamwaga mahindi. “Jibu, mwanangu! Unaulizwa!”

“Bado nalipa,” alisema Renatus. “Sikiliza, mama. Serikali haimjui baba anayevaaga gauni. Nikiandika mtoto hana mzazi, anapelekwa kituo cha yatima Bunda. Nikiandika analelewa na jirani, anabaki hapa, na unga unakuja. Niandike nini?”

Jenoveva alikuwa ameshika upindo wa kanga ya Nyamburi.

“Andika jirani,” alisema Nyamburi.

Unga ulikuja. Kesho yake asubuhi mtoto alisimama nje ya mlango wa jiko.

“Shikamoo, jirani.”

Nyamburi alidhani hakusikia vizuri. “Unamwamkia nani?”

“Wewe, jirani.”

“Mimi ni baba yako.”

Jenoveva akachungulia barabarani, akashusha sauti. “Wakisikia watanipeleka Bunda. Unga ukiisha nitakuita baba.”

Nyamburi hakubishana naye. Jioni alisonga ugali wa kulisha kijiji, akawaita akina Dorotea ingawa haikuwa Alhamisi, na kila aliyesema ameshiba aliongezewa.