Flashi yenye uzi mwekundu

Mdogo wangu alikuja Kasongo kutoka Wamaza kwa pikipiki, kompyuta iliyogoma kuwaka ameifunga kwenye kitenge kama mtoto mgonjwa. Katika familia yetu inaaminika kwamba mtu aliyesoma chuo kikuu anaweza kutengeneza chochote chenye waya. Nilisomea fasihi. Sijawahi kuwasahihisha.

Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa simu yao. Mumewe anachimba dhahabu Salamabila, na Wamaza mtandao ni wa kubahatisha. Kwa hiyo wanarekodi sauti kwenye flashi moja yenye uzi mwekundu, na motari, dereva wa pikipiki, anaibeba. Kule mume huazima mashine ya muuza nyimbo. Anayepokea husikiliza, hufuta, hurekodi jibu, huirudisha. Safari hii flashi ilichelewa mno kurudi, na ilipofika kompyuta ilikuwa imekufa.

"Tengeneza kwanza, yaya," alisema, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. "Nitamusikiliza nyumbani, pamoja na watoto."

Ilihitaji kuwekewa mfumo upya, na mfumo huingia kwa flashi iliyoandaliwa. Yangu niliinunua sokoni. Kwa nje ilijitangaza kuwa kubwa. Programu ilipofika nusu ya kuandika mfumo humo, ikakwama. Nikajaribu tena, ikakwama palepale. Nikamwomba ya kwake.

"Basi tumusikilize hapa, halafu umuweke kwanza kwa mashine yako."

Nilichomeka. Ndani kulikuwa na faili moja. Alijifuta vumbi usoni, kana kwamba mume angemwona.

Ikatoka sauti ya mwanamke, yake mwenyewe: "Baba watoto, huku mvua imeanza. Utarudi lini?"

"Umefungua ya zamani," alisema.

"Iko moja tu."

"Angalia muzuri. Wewe si ulisoma?"

Niliangalia muzuri. Niliangalia hata mahali ambapo nilijua faili haliwezi kukaa.

"Motari alisema nini alipokuletea?"

"Hakusema kitu. Hata chai alikatala."

Nikarudi kwenye kazi. Nilinakili sauti yake kwenye mashine yangu, nikachagua flashi, nikabonyeza. Programu ikaonya kwamba vyote vilivyomo vitafutwa, ikauliza kama niendelee.

"Usifute," alisema.

"Nimeshanakili. Haipotei."

"Yeye hajaisikia."

Akaichomoa mwenyewe, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akasimama. Kompyuta yake aliiacha mezani kwangu.

"Wamotari wa kwenda Salamabila," aliuliza, "hapa wanasimama wapi?"